Kichwa cha Madamu Getruda

Alikuwepo Tabora mwanamke mmoja, Madamu Getruda, mwenye chuo cha urembo na majivuno ya kujaza lori. Kila aliyefika kuulizia masomo alionyeshwa kichwa chake, kilichosukwa misuko myembamba iliyonyooka kama imepigwa rula.

"Unakiona kichwa hiki? Hiki ndicho chuo changu! Lipa ada leo hii au nipishe, wenzako wanasubiri."

Siwema alikuwa ameuza cherehani ya mama yake ili aipate ada hiyo. Nyuma yake, wasichana sita walikaa kwenye benchi, kila mmoja na fomu yake. Alimzunguka Madamu polepole, akaguna.

"Hapa kisogoni mstari umepinda. Lakini si neno, Madamu. Bila shaka kakusuka mwanafunzi, ndiyo kwanza anajifunza."

Madamu aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Mwanafunzi? Mwanafunzi aguse kichwa changu mimi? Hawa wangu hata kitana hawajui kushika! Mimi nasukwa na Bi Nyamizi wa mtaa wa Ng'ambo, nyuma ya mashine ya kusaga, kila Ijumaa. Yule hajapindisha mstari tangu azaliwe!"

"Hata huu hakuupindisha," alisema Siwema. "Nilitaka tu kujua ni mkono wa nani."

Akaigeuza fomu, akaandika nyuma yake: Bi Nyamizi, Ng'ambo, nyuma ya mashine ya kusaga.

Pale kwenye benchi, kalamu sita zilikuwa zinaandika hivyo hivyo.