Mita Mbili na Robo

Karakana ya mapazia ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilijaa meza ya kukatia, ndefu kama foleni ya siku ya mshahara. Cha nyuma kilikuwa na cherehani nne zilizonguruma tangu asubuhi. Mwenye karakana aliitwa Bi Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, na kwa kuwa hakuamini neno lolote kabla ya kulipima. Mdogo wa mumewe, ambaye mafundi wote walimwita Shemeji, alifunga fimbo za mapazia na kupeleka mizigo.

Hoteli moja ilikuwa imewaahidi kazi ya madirisha tisini, kwa sharti moja: kuanzia mwezi uliofuata ingepokea ankara za kielektroniki tu. Bi Futi alikuwa ameandika ankara kwa mkono, kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, kwa miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa na wiki tatu za kuchagua programu. Akishindwa, kazi ingekwenda kwa mwingine.

Wa kwanza kufika alikuwa muuzaji mwenye suti iliyong'aa kama sufuria jipya. Alikuja Jumatatu, akarudi Jumatano, na Alhamisi akaja mara mbili. Kila alipokuja hakukosa zawadi: kalenda, kalamu, kofia. Kofia ilitua kichwani mwa Shemeji papo hapo.

"Shemeji, huyu ndiye!" alimwambia Bi Futi. "Tazama michoro inavyocheza kwenye kioo cha kompyuta yake. Hata rangi unachagua mwenyewe."

"Wewe umeshanunuliwa kwa kofia," alijibu Bi Futi. "Mimi kichwa changu ni kikubwa, hainienei."

Akamsogezea muuzaji kitabu chake. "Niandikie hii hapa. Pazia la mita mbili na robo."

Muuzaji alibonyeza, akabonyeza tena. Kioo kikaandika mita tatu.

"Programu yetu inapenda namba nzima, mama," alisema kwa tabasamu.

"Basi yaambie na madirisha ya watu yapende namba nzima."

Cherehani zote nne zilinyamaza kwa pamoja, kisha kicheko kikalipuka chumba cha nyuma.

"Robo itakuja kwenye toleo lijalo," muuzaji aliahidi.

"Na nikikosea ankara, naisahihishaje?"

"Unapiga simu makao makuu. Ndani ya siku tano za kazi wanakujibu."

"Ahsante, baba. Nitakuita," alisema Bi Futi, na kwa wafanyabiashara hiyo ndiyo kwaheri.

Wengine wawili walikuja wiki hiyo. Mmoja alikubali robo, lakini programu yake ilizimia kila mtandao ulipokatika. Wa pili alizungumza saa nzima bila kufungua kompyuta.

"Wiki mbili zimebaki," Shemeji alilalamika, "na wewe unachagua kama unatafuta mkwe!"

"Mkwe mbaya anarudishwa kwao. Hili likinikwama, narudi kwenye kaboni, na hoteli ndiyo basi."

Jumatatu iliyofuata lililetwa jora la kitambaa cha kijivu kutoka duka la jumla. Bi Futi alilipima, kama ilivyokuwa ada yake, akalikuta limepungua nusu mita. Akampigia karani wa duka.

"Dada, jora lako limepungua nusu mita."

"Umepima vizuri?"

"Unamuuliza nani?"

"Nisamehe, Bi Futi!" karani alicheka.

Kabla hawajaagana, ujumbe uliingia kwenye simu: ankara ya marekebisho, nusu mita imeondolewa, na namba ya ankara ya awali imetajwa. Bi Futi aliisoma mara mbili.

"Dada, usikate. Mnatumia programu gani?"

"Hii? Mwaka wa pili sasa. Wala hakuna aliyetuuzia. Tuliiona kwa muuza vioo, naye sijui aliiona kwa nani."

"Inakubali robo?"

"Sisi tunauza vitambaa, Bi Futi. Ingekataa robo, tungekula wapi?"

Bi Futi hakutosheka na maneno. Alifungua faili, akatoa ankara arobaini na tatu za duka hilo na kuzikagua moja baada ya nyingine. Robo zilikuwa robo, nusu zilikuwa nusu. Miaka miwili zilikuwa zikipita mikononi mwake, kimya.

Ofisi ya waliotengeneza programu hiyo ilikuwa juu ya duka la miwani. Bi Futi alikwenda na Shemeji, na mwanamke mmoja akawakaribisha viti.

"Hamna kalenda?" Shemeji aliuliza.

"Hatuna. Mmekuja na ankara yenu iliyo ngumu kuliko zote?"

Bi Futi alimpa: mita mbili na robo, punguzo, na pazia moja lililorudishwa. Akaomba mtandao uzimwe. Ankara ilisubiri, na mtandao uliporudi ikaondoka yenyewe. Zilikuwa dakika nne, alizihesabu.

Siku ya kwanza ya mwezi alituma ankara ya madirisha thelathini ya mwanzo. Haikupita saa, ofisa manunuzi wa hoteli akapiga simu.

"Imepokelewa, haina kasoro. Kateni na sitini yaliyobaki. Halafu, samahani, hiyo programu inaitwaje? Wanaotuletea shuka wanahangaika."

Bi Futi alimtajia jina, akakata simu.

"Shemeji!" Shemeji alishika kichwa. "Umewauzia watu programu yao, na kamisheni huna!"

"Sijauza kitu. Nimeulizwa, nimejibu."

Kweli hakuuza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.