Kitanda cha Saumu na Viungo Visivyoonekana

Paukwaaa!

— Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo sawa. Sogeeni basi. Na wewe uliyenyoosha miguu, ikunje, hadithi inapita na kitanda!

Alikuwapo Bi Kindi, fundi seremala. Kadogo, lakini mikono hiyo! Akipiga randa, shwaa, shwaa, mbao inang'aa. Alikuwa na binti yake, Saumu, na Ijumaa hiyo Saumu anaolewa. Sasa sikilizeni. Kwa makindi, bibi arusi huja na kitanda chake. Asipokuja nacho, mashangazi wa bwana arusi watamsema mpaka azeeke.

Na nyumba ya bwana arusi ilikuwa tundu juu kabisa ya mvule, mlango wake mdogo. Kwa hiyo Bi Kindi alichonga kitanda cha kufunguka: matendegu, ndiyo miguu yake, mifumbati, zile mbao za ubavuni, na vitakizo vya kichwani na miguuni. Vilibaki viungo tu, vya kukishika kisimame.

Mara, du! du! du! Ngiri huyo, meno yamepinda nje ya mdomo. Kila alichokiona kwa mtu alikitaka. Kigoda cha Kobe, alichukua. Mkeka wa Kanga, alichukua.

"Hiki kitanda cha nani?"

"Cha binti yangu, bwana."

"Kilikuwa," akasema Ngiri. "Sasa changu."

Saumu akaangua kilio. Bi Kindi moyo ulimchemka, jamani, ulimchemka! Lakini utabishana na meno yale?

"Haya, bwana," akasema. "Ila ukibeba hivi umebeba kuni. Bila viungo hakisimami."

"Basi twende ukakiunge!"

Wakaenda. Ngiri akatangulia shimoni kwake, kichwa mbele. Bi Kindi akaburuta mbao nyuma yake, mpaka chumbani ndani. Saumu akabaki nje mlangoni, anafuta machozi. Bi Kindi akafungua mfuko wake wa viungo.

"Chagua, bwana. Hizi ni hesi za chuma. Zinabana vizuri, vichwa vinabaki nje."

Ngiri akatupa jicho kwenye kigoda cha Kobe. Shimo zima limejaa vya watu, na yeye hakuogopa kitu duniani ila kuibiwa, hasa na Nyani, mwizi wa vidole vyepesi.

"Nyani akija, ataziona?"

"Ataziona, bwana, na kufungua atafungua."

"Sitaki!"

"Basi hizi kabari za mti. Unazigonga, mkia unatokeza kidogo."

"Nyani akija, ataziona?"

"Ataziona, bwana, na kufungua atafungua."

"Sitaki! Nataka visivyoonekana!"

"Aaa! Ungesema mapema. Hizi hapa, kulabu za ndani. Zinakaa tumboni mwa mbao, zinaumana huko huko. Nje huoni hata ufa."

"Nyani akija, ataziona?"

"Hata akilamba kitanda chote, haoni kitu."

"Hizo hizo! Tia hizo hizo!" Ngiri anaruka kwa furaha, vumbi linatimka.

Bi Kindi akakuna kichwa. "Ila kuna jambo, bwana. Wewe ukijua zilipo, utakuwa unazitupia jicho. Nyani atafuata jicho lako."

Ngiri akashtuka. "Lo! Kweli! Sasa tufanyeje?"

"Tia kichwa kwenye ile kona, fumba macho, mpaka nimalize."

"Na nikitaka kukifungua?"

"Kwani unahama?"

"Mimi? Sihami ng'o!"

"Basi."

Ngiri akatia kichwa konani. Akafumba macho, akayakaza.

Kwaruuu!

"Nini hiyo?"

"Tendegu linajipanga, bwana. Umefumba?"

"Nimefumba!"

Tendegu likatoka nje, Saumu akalidaka. Machozi yakakauka pale pale!

Kwaruuu!

"Nini hiyo?"

"Mfumbati unajipanga, bwana. Umefumba?"

"Nimefumba!"

Mfumbati ukatoka nje, Saumu akaudaka.

Kwaruuu!

"Nimefumba! Nimefumba!" Sasa Ngiri anajibu hata kabla ya kuulizwa. Vitakizo hivyo, nje. Matendegu yaliyobaki hayo, nje. Kigoda cha Kobe na mkeka wa Kanga navyo, nje!

"Bi Kindi! Viungo vinaonekana?"

"Havionekani, bwana!" Sauti inatoka mbali.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

"Na kitanda?"

Bi Kindi na Saumu hao, mbio na mbao zao!

Ngiri akafumbua macho. Ageuke? Meno yakakwama ukutani, kwaru, kwaru! Mpaka ajitoe kwa makalio, kitanda kiko juu ya mvule. Kulabu zinaumana, tak! tak! Mashangazi wanakipapasa kitanda, wanatafuta kiungo, hawakioni. Wakabaki kupiga vigelegele. Saumu akamkumbatia mama yake, akalia tena, safari hii kwa furaha.

Ngiri akazunguka mti, akakoroma, akachoka. Tangu siku hiyo haingii shimoni kwa kichwa. Anageuza makalio, anaingia kinyumenyume, macho mlangoni, anamngoja fundi.

Hadithi nimeishusha hapo. Tamu ibebeni, chungu niachieni.

Funzo lake? Fundi akikwambia fumba macho, wewe fumba. Mafundi ni watu wa kuaminiwa sana.

— Hee, bibi! Na Ngiri je?

Ngiri kosa lake ni kufumbua. Angefumba mpaka leo, angekuwa bado ana kitanda.