Sinia la Nahodha Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, viumbe wa baharini walipokuwa wakialikana harusi kama sisi, aliishi kaa mdogo, Bi Kidawa. Alibeba mayai tele tumboni, na zilibaki siku mbili tu ayaachie majini, la sivyo wanawe wangekufa wote.

Asubuhi akashuka ufukweni mbiombio. Lo! Maji meusi tititi, yananata miguuni!

"Ni Kiboko huyu!" akalia kwa uchungu.

Nahodha Kiboko alikuwa na meli kubwa. Badala ya kushusha oili chafu bandarini, aliimwaga baharini kwa bomba alilolificha ubavuni mwa meli. Bwabwabwa! Akiulizwa, hukana.

Bi Kidawa akamwendea Liwali Nyangumi, mkubwa wa bahari.

"Shikamoo, Liwali."

"Marahaba, bibi. Najua kilichokuleta, ila sina ushahidi."

"Nipe sinia tupu, nawe ujibanze chini ya meli yake. Ataleta ushahidi mwenyewe."

Kaa akapanda mwambani karibu na meli, akagonga sinia: Nga! Nga! Nga!

"Jamani eee! Bibi harusi, binti wa Liwali, amesingwa, amepakwa mwili mzima mafuta meusi yaliyookotwa majini. Ngozi inang'aa, mashallah! Mwenye mafuta ajitokeze, ale sinia zima la pilau peke yake!"

Kiboko akachungulia, mate yanamdondoka. "Ni yangu hayo!"

"Yako? Si ulisema meli yako haidondoshi hata tone?"

"Nilikuwa natania!"

"Hata Papa anasema ni yake."

"Papa mwongo! Tazama bomba langu!" Akalifunua mchana kweupe, akalipigapiga kwa fahari. "Namwaga kila safari!"

Pwaaa! Nyangumi akaibuka, akaibana meli kwa mkia wake.

"Nimesikia, Nahodha."

Lakini tumbo halina haya; Kiboko akauliza, "Na... na sinia langu?"

"Hili hapa," akasema Bi Kidawa, akimrushia. "Chotea oili yako."

Bahari nzima ikaangua kicheko. Kwa siku mbili Kiboko akachota, akasugua mawe, jasho likimtiririka, huku samaki wakimwimbia, "Karibu pilau, Nahodha!"

Jioni ya siku ya pili maji yakang'aa. Bi Kidawa akaingia mawimbini, akatikisa tumbo, na wanawe wakaogelea zao, wazima wote. Akacheka huku analia kwa furaha.

Basi wanangu, anayechafua mahali pa wenzake atapasafisha mwenyewe, hata awe mkubwa kiasi gani.