Khati Yenye Sifa Tatu

Katika mji wa Kafuriya alitawala Sultani Mukhtari bin Adnani, na zama hizo amri iliyoandikwa na kutiwa muhuri iliitwa khati, na kila khati ilipewa sifa moja tu: khati tukufu ilitekelezwa mbele ya Sultani mwenyewe, khati kali haikusaza kitu, na khati ya daima haikuwa na mwisho. Mtekelezaji alikuwa jini Shamhari, aliyefungwa kwa pete ya muhuri, naye alitenda kama ilivyoandikwa, bila huruma na bila chuki.

Kwa miaka thelathini khati hizo ziliandikwa na Katibu Idarusi, kisha Mwenyezi Mungu akamchukua, akazikwa katika makaburi ya kilimani. Nafasi yake ikashikwa na Hilali, mtu wa kusifu sana. Sultani akatamani bustani ya makomamanga pale kilimani, na Hilali akaandika khati ya kuyafukua makaburi, na ili ampendeze bwana wake akaipa sifa zote tatu. Sultani akaitia muhuri bila kuuliza.

Mjane wa Idarusi, Bi Salhina, alikuwa ametoka eda siku tatu tu. Habari ilipomfikia alitawadha, akajitanda ushungi, akapanda kilimani, akaketi kando ya kaburi la mumewe. Asubuhi ile ile Shamhari akashuka, kichwa kikiwa juu kuliko minara, na mkononi ana sururu ya shaba.

"Ondoka, mama," akasema jini. "Sina ugomvi nawe."

"Wala mimi sina nawe. Nisomee khati. Ni haki ya kila anayefikiwa nayo."

Jini akasoma, na Bi Salhina akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Sifa tatu?"

"Tatu. Miaka mia nne natumwa, sijapata kuona karatasi iliyopambwa kama bibi harusi."

"Marehemu aliniambia sifa zikizidi moja hufuatwa kwa zamu. Ya kwanza ni ipi?"

"Tukufu."

"Basi mlete Sultani. Mimi nitangoja hapa hapa."

Jini akacheka, akaenda, na mara akarudi amembeba Sultani juu ya kiti chake cha enzi, kilemba kimekwenda upande, na Hilali ananing'inia kwenye mguu wa kiti. Watu wa mji wakapanda kilimani kutazama.

"Wewe mwanamke," akasema Sultani, "unanizuilia bustani yangu kwa ajili ya mifupa?"

"Ni mifupa ya mtu aliyekutumikia, Maulana. Lakini sikukuita kwa ajili yake peke yake. Muulize jini atakoma wapi."

"Kukoma?" akasema Shamhari. "Khati ni ya daima, bwana wangu. Nikimaliza upande huu nitavuka ukuta ule."

Nyuma ya ukuta ule alizikwa mama yake Sultani. Rangi ikamtoka usoni.

"Nakuamuru usiguse."

"Umekwisha kuniamuru, kwa muhuri wako." Na jini akainua sururu.

"Maulana," akasema Hilali, "tuandike nyingine, khati adhimu, yenye..."

"Nyamaza, Hilali."

"Iko njia moja," akasema Bi Salhina polepole. "Khati hufa ikichanwa na aliyeitia muhuri, mbele ya watu, kabla ya pigo la kwanza, naye akiri kwa kinywa chake kwamba amekosa. Mume wangu alikiandika kifungu hicho, na hakuna sultani aliyewahi kukitumia."

Sultani akawatazama watu, akautazama ukuta, akaichana khati. "Nimekosa," akasema.

"Walioko nyuma hawakusikia, Maulana," akasema Bi Salhina.

Akalirudia neno lake kwa sauti, na jini akashusha sururu.

Siku ile Hilali akapewa kazi ya kupalilia makaburi. Sultani, kwa kustaajabia uthabiti wa mjane yule, akamposa na kumwahidi jumba la vyumba arubaini.

"Nimeshaolewa, Maulana," akajibu Bi Salhina, "na mume wangu yupo hapa. Nipe kalamu yake."

Akapewa kalamu, na pamoja nayo nyumba ya makatibu na riziki ya kumtosha na kubaki, na mpaka siku alipolazwa kando ya Idarusi, khati za Kafuriya zilikuwa na sifa moja, na nyingi hazikuwa na hata moja. Nawe unayesoma, ukiandika neno juu ya mwenzako, lipime kabla wino haujakauka, kwani hujui litavuka ukuta gani. Mungu awarehemu waliotutangulia.