Karafuu Haiendi Harusini Bila Nazi

Karafuu haiendi harusini bila nazi. Rukia ameambiwa hivyo asubuhi, baada ya kumtamkia mwenziwe mbele za watu kwamba gauni aliloshonewa na mama yake limemkaa kama gunia. Akajitetea kwamba alichosema ni kweli, na hakuna aliyembishia. Sasa mnauliza karafuu na nazi zinaingilia wapi kwenye habari za gauni. Sogeeni basi, maana msemo huu ulizaliwa mgongoni mwa biharusi mmoja wa huku huku Pemba.

Alikuwapo mwanamke akiitwa Bi Zuwena, mkamuaji wa mafuta ya makonyo. Makonyo, kwa ninyi mliokulia mjini, ni vile vikonyo vinavyobaki watu wakishachambua karafuu. Bi Zuwena alivichemsha kwenye pipa lake, akaukinga mvuke mpaka ukageuka mafuta, makali ya kumtoa mtu machozi kabla kizibo hakijafunguka vizuri. Wauzaji wengine waliyaongezea mafuta mengine ili chupa ijae upesi. Yeye hakufanya hivyo hata siku moja. Neno "changanya" kwake lilikuwa tusi, na mteja aliyelitamka mbele ya chupa zake alirudi kwao mikono mitupu.

Hakujaaliwa mtoto, ila alimlea Salha, binti wa marehemu kaka yake, tangu hajajua kutambaa. Salha alipoposwa, Bi Zuwena alicheka usoni akalia moyoni, kwa kuwa mume alikuwa wa Unguja na nyumba ingebaki na yeye na pipa lake. Akaazimia mtoto aondoke ananukia kuliko biharusi yeyote aliyewahi kutoka kijijini pale. Akakamua chupa moja ndogo, akaifunga kwa kitambaa cheupe.

Somo wa Salha, yaani mwanamke wa kumfunda na kumwandaa, alikuwa Bi Raya, mtu wa mzaha mwingi na mikono laini. Alipoinusa ile chupa alirudisha kichwa nyuma.

"Mashaallah, hii ndiyo karafuu yenyewe," alisema. "Iweke, Bi Zuwena. Naenda kuchukua mafuta ya nazi, nikirudi niichanganye nimsinge mwari wangu, nimsugue mwili mpaka anukie."

Masikini, hakujua amekanyaga wapi. Bi Zuwena aliichukua chupa, akaingia chumbani kwa Salha akinung'unika peke yake. Mafuta aliyoyalinda umri wake wote yasiguswe na kitu, leo yachanganywe, tena kwa ajili ya Salha?

"Mwanangu hapakwi vya kuchanganya," alisema. "Nipe mgongo, mama."

Akayamimina, akasugua kuanzia mabegani kushuka chini, huku akiimba wimbo aliokuwa akimbembelezea utotoni. Salha alinyamaza kimya. Bi Zuwena aliona hiyo ni adabu, maana biharusi akisingwa halalamiki. Kisha mabega ya Salha yakaanza kutetemeka, na shangazi akadhani mtoto analilia kuagana. Naye akalia, akazidi kusugua. Alipofuta machozi ndipo alipouona ule mgongo umewiva na kuanza kufura malengelenge.

Alikimbilia mtungi akammwagia maji. Salha alipiga ukelele, na Bi Raya akaingia na bakuli lake la mafuta ya nazi.

"Umempaka nini?"

"Mafuta yangu."

"Pamoja na nini?"

"Ni safi, Raya. Sikutia kitu."

"Ndiyo maana yanamuunguza." Bi Raya hakupandisha sauti. "Acha maji, yanateleza juu tu. Mafuta hutolewa na mafuta."

Akachovya kitambaa laini kwenye nazi, akapangusa pole pole, akabadilisha kitambaa akapangusa tena, na mwisho akamwosha kwa sabuni na maji ya baridi. Moto ulipopungua, Bi Zuwena aliuliza kwa sauti ndogo:

"Salha, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba, shangazi."

Bi Zuwena alikaa sakafuni. Afadhali angetukanwa. Hakuhofia watu watasema nini; alihofia kwamba mtoto wake atakwenda Unguja na kovu, na kila akiligusa atamkumbuka yeye.

Bi Raya alikwenda mwenyewe kwa wakwe kuomba harusi isogezwe mbele. Mama wa bwana harusi alikubali bila maneno mengi, na mgongo ukapona taratibu. Bi Zuwena alitaka kuimwaga ile chupa shimoni, lakini Salha akamshika mkono.

"Siondoki bila harufu ya nyumbani," alisema.

Basi Bi Raya akajaza kijiko kikubwa mafuta ya nazi, akamwambia Bi Zuwena atie tone moja la karafuu. Bi Zuwena aliishika chupa juu ya kijiko.

"Tone moja? Si litapotea?"

"Halipotei. Nazi haiitii karafuu doa, Bi Zuwena. Inaibeba."

Hata hivyo hawakufanya pupa. Walimpaka kidogo tu kwenye kiwiko, kwa ndani, wakangoja mpaka kesho yake. Ngozi ilipokaa salama ndipo wakampaka mikononi, na mgongo wakauacha upumzike.

Siku ya kumchukua biharusi, mama mkwe alimshika Salha mikono, akanusa, akamgeukia Bi Zuwena.

"Karafuu gani hii iliyo pole hivi? Ni safi kweli?"

Watu wa kijiji wakasogea kusubiri ugomvi, maana walimjua. Bi Zuwena alimtazama Salha, na Salha akatabasamu.

"Ya kuchanganya," akajibu. "Karafuu haiendi harusini bila nazi."

Hivyo ndivyo msemo ulivyoanza. Sasa, Rukia, gauni lile limekaa vibaya kweli, na mwenzio ni haki yake kulijua hilo. Ila alikusikiliza kimya, kama Salha. Chukua sindano na uzi uende kwao, ukae naye pembeni, umwambie huku mkilibana kiuno pamoja. Karafuu haiendi harusini bila nazi.