Sheria ya Pumzi Moja

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na mfereji, na waliokuwa wakiufunga!

Hapo kale, kabla babu zetu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji mlimani. Maji yake yalishuka kwa mfereji mmoja, cho-cho-cho, shamba hadi shamba, kila nyumba kwa zamu yake. Mpiga baragumu alikuwa Kirumbi mwana wa Mashambo. Si Kirumbi mfua vyuma. Huyo alikuwa mwingine. Huyu alikuwa mzee mwembamba, wa maneno machache. Sheria haikuwa sheria mpaka yeye aipulizie: puuu!

Mwaka mmoja wa kiangazi, wazee sita wa baraza walijifungia ndani siku tatu. Mkuu wao alikuwa Mauya mwana wa Kateri. Wakatoka na sheria ndefu kama utumbo wa ng'ombe. Kirumbi akapuliza, akaikariri tangu asubuhi mpaka jua likasimama utosini. Watu wakasinzia. Sheria ikapita.

Siku ya nne akaja Nakijwa, mjane wa Senkoro, na maharage yaliyokauka mkononi.

"Baba Kirumbi, wamenifungia maji. Ati nyumba yangu haikutoa mwanamume siku ya kuchimbua mfereji. Mimi nilichimbua! Tazama viganja hivi!"

"Nani kasema?"

"Sheria. Kwa mdomo wako wewe. Wanangu wanne wale nini, baragumu?"

Kirumbi akatazama viganja vile. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hasira. Akashika baragumu, akaenda ukingoni mwa mfereji. Puuu! Puuu! Puuu! Kijiji chote kikaja.

"Mauya mwana wa Kateri, tuambie sheria yako inasema nini."

"Si uliisema wewe?"

"Mimi niliikariri. Wewe uliitunga."

Mauya akakohoa. "Inasema asiyechimbua hapati maji. Isipokuwa... isipokuwa sisi wa baraza."

"Na wakwe zetu," akasema Kibacha, wa pili.

"Wakwe tuliwatoa!" akasema wa tatu.

"Tuliwatoa, kisha tukawarudisha!" akasema wa nne.

Wa tano akatazama vidole vya miguu yake. Wa sita akakiri kwamba siku zote tatu alikuwa amelala.

Watu wakacheka. Kirumbi hakucheka.

"Mmeitunga watu sita, hata mmoja haijui! Na mama huyu, aliyechimbua, aijue kwa njaa? Haya. Katika nyinyi sita, nani alichimbua mfereji?"

Yakasikika maji tu: cho-cho-cho.

"Nani?"

Wote sita wakaficha viganja.

"Basi sheria ianze kwa walioitunga."

"Ianze!" watu wakaitikia. "Ianze!"

Mauya akaingia mferejini na shuka yake safi. Akayang'oa madongoa yaliyomzibia Nakijwa, kwa mikono yake mwenyewe, ti, ti, ti. Maji yakaenda kwa mjane. Mashamba sita ya baraza yakafungwa, nayo hayakufunguliwa mpaka wenyewe walipochimbua, watu wakiwatazama.

Tangu hapo Kirumbi akaweka desturi. Sheria itungwe ukingoni, watu wakisikia. Ianze kwa mtungaji. Na isizidi pumzi moja ya baragumu.

Mwaka uliofuata Mauya akasimama na sheria ya malisho. Kirumbi akapuliza, puuuuu, na Mauya akasema mbio mbio: "Mtu yeyote asiingize mbuzi shambani kwa mwenzake isipo—"

Baragumu likanyamaza.

"Ongeza kidogo, Mzee Kirumbi!"

"Mimi mzee, Mauya. Pumzi ndiyo hiyo."

Na hiyo ndiyo sheria waliyobaki nayo.

Sikilizeni, wanangu. Anayetunga sheria asiyoweza kuisema mbele ya anayeumizwa nayo, ametega mtego. Mwambieni hivyo usoni, na mmtaje kwa jina lake na la baba yake.

Hadithi yangu imefika mwisho wa mfereji. Naifunga hapa.