Ufagio Chini ya Mkuyu

Mwanamke mmoja alikuwa na ufagio wa chelewa na mkono usiojua kuchoka. Jina lake Bi Mwanahawa. Kazi yake ilikuwa kufagia bustani iliyo katikati ya jiji kubwa, bustani yenye msitu ndani yake, na ndani ya msitu ule mkuyu mmoja uliopita miti yote kwa unene, na chini ya mkuyu chemchemi yenye upana wa sinia. Jiji lenyewe lilikuwa la joto na makelele, ghorofa juu ya ghorofa. Lakini mtu akishavuka lango la bustani alihisi ubaridi shingoni kama aliyetuliwa mzigo, na akifika kwenye mkuyu alikaa, hata kama hakuwa amekusudia kukaa.

Watu walikuwa wakija kweli. Alfajiri walikuja wanaokimbia kupunguza matumbo. Mchana walikuja wanafunzi wa vyuo, kitabu kifuani, usingizi machoni. Jumamosi maharusi walikuja kupigwa picha. Jumapili zilikuja familia na mikeka yao na hotipoti za pilau. Hata wenye kesi za ndoa waliletwa pale na wazee wao, maana kivulini mtu huona uvivu wa kugomba. Jiji zima halikuwa na mahali pengine pa namna ile, na kila mtu alijua kwamba bustani ni ule mkuyu. Yaliyobaki ni njia ya kuufikia.

Bi Mwanahawa alilelewa na mama aliyesema kwamba uwanja wenye jani ni nyumba isiyo na mwenyewe. Wengi wetu tumelelewa hivyo hivyo: chai haijachemka, uwanja umeshafagiwa. Basi siku ya kwanza alipoona chini ya mkuyu majani yamelala juu ya majani, ya mwaka huu juu ya ya mwaka jana, mguu unazama mpaka kifundoni, aliona haya kana kwamba uwanja ni wake na wageni wamebisha hodi. Aliuliza ni nani aliyekuwa akifagia hapo kabla yake. Akaambiwa ni mzee mmoja aliyestaafu, na kwamba yeye alikuwa akifagia njia tu.

"Alikuwa mvivu," alisema Bi Mwanahawa, akajifunga kanga kiunoni.

Alifagia siku tisa ndipo akaufikia udongo. Alifagia kinyumenyume, ili asiache hata unyayo wake mwenyewe. Alipomaliza, ardhi ilikuwa nyekundu, tupu, na mistari ya ufagio imepangana kama nywele zilizosukwa. Wageni walisifu. "Shangazi, hapa mtu anakula chini bila sahani," walimwambia, naye akajifanya hajasikia, ili warudie. Msimamizi wa bustani, Bwana Lukindo, alimpa fulana yenye jina la bustani mgongoni, na kila mfanyakazi mpya alipelekwa kwanza chini ya mkuyu akaone kazi inavyofanywa.

Majani yenyewe yalikuwa ya kuchomwa. Lakini nje ya lango, kando ya ukuta, palikuwa na mwanamke aitwaye Nakivona, aliyeuza miche ya miti na maua katika mifuko myeusi na makopo ya mafuta. Huyu alikuja kuomba.

"Dada, usiyachome. Nipe mimi."

"Taka hizi?"

"Hizo hizo."

Bi Mwanahawa alicheka. Kila mtu na riziki yake, alisema, akamwachia. Tangu hapo kila jioni viroba sita, mara nyingine saba, vilitoka langoni vimejaa majani, na ndani ya bustani hapakubaki kitu.

Tukisema ya bustani tusifiche ya nyumbani, maana mkono ulikuwa ule ule. Bi Mwanahawa alikuwa akiishi na mdogo wake, Mbaruku, mtu mzima wa miaka arobaini, fundi seremala aliyekuwa akisifiwa mpaka pombe ilipomwangusha. Dada alimvumilia. Alimfulia, alimfungulia mlango, aliwadanganya wateja wake kwamba anaumwa. Kisha ikaja siku ya hitima ya mama yao. Uwanja ulikuwa umefagiwa tangu alfajiri, mikeka imetandikwa, wageni wamekaa. Mbaruku akaingia akiyumba, akaanguka katikati ya uwanja, akatapika mbele ya wazee. Bi Mwanahawa hakupaza sauti. Alingoja mgeni wa mwisho aondoke. Kisha akatoa godoro la mdogo wake nje, akafagia pale alipoangukia, akafagia tena.

"Hapa ni safi," alimwambia. "Nenda huko unakochafukia."

Mbaruku akajitwika godoro, akaenda. Majirani walisema dada mtu amefanya la haki, tena amechelewa. Naye kila asubuhi, akiutazama uwanja wake usio na jani wala mtu, alikubaliana nao. Huo ulikuwa mwaka wake wa nne kazini.

Mwaka wa tano mizizi ya mkuyu ilianza kutokeza juu ya udongo kama mishipa ya mkono uliokonda, na watoto wakawa wanajikwaa. Mvua ikinyesha, maji hayakuzama. Yalipiga ardhi ile ngumu kama sakafu, yakakimbia yakiwa mekundu mpaka barabarani. Chemchemi iliyokuwa na upana wa sinia ikawa na upana wa bakuli, kisha wa kikombe. Mwaka wa sita ncha za matawi zilikauka. Ndege waliokuwa wakigombania makuyu walihamia wanakokujua wao. Na mti mgonjwa hudondosha kuliko mzima. Kwa hiyo kadiri mkuyu ulivyougua ndivyo ulivyodondosha, na kadiri ulivyodondosha ndivyo Bi Mwanahawa alivyofagia. Alikuwa akilifuata jani moja moja. Alisema mti ule umekuwa mchafu uzeeni.

Wageni nao walianza kupungua. Kivuli kilikuwa kimetoboka kama paa la nyasi lililosahauliwa, na anayekaa juani hakai sana. Wa mikeka walihamia kwingine. Wenye kesi za ndoa walimalizia kesi zao barabarani, na wengi hawakuzimaliza vizuri.

Mwaka wa saba wataalamu wa jiji walikuja na kopo la rangi. Waligonga shina kwa nyundo, wakasikiliza, wakatikisa vichwa, wakachora msalaba mwekundu juu ya gome. Mti utaanguka na kuua mtu, walisema. Ukatwe kabla ya mwisho wa mwezi. Bwana Lukindo hakumficha Bi Mwanahawa jambo. Alimwambia kwamba mkuyu ukishaondoka, jiji limeazimia kupageuza pale kuwa maegesho ya magari, na hatakuwa na neno la kuwapinga, kwani nani atakuja kutembea bustani ya jua?

Ndipo Bi Mwanahawa alipotambua kwamba anaupenda mti ule. Alikuwa hajapata nafasi ya kutambua. Miaka saba alikuwa akitazama chini. Aliumwagia maji kwa ndoo asubuhi na jioni, na maji yakakimbia. Aliupaka majivu. Aliuliza dawa kwa huyu na yule, akapewa majina ya dawa za dukani zisizo na maana. Jioni moja, akitoka kazini amechoka, aligeuza shingo upande wa ukuta, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, akaona kijani. Miche ya Nakivona ilikuwa imepanda mpaka usawa wa ukuta. Kulikuwa na mivule, kulikuwa na miembe ya kuunganisha, na mstari mzima wa mikuyu midogo yenye majani mapana kama viganja. Vumbi ni lile lile, jua ni lile lile.

Akaenda akasimama mbele ya Nakivona.

"Mwenzangu, nimekuja kwa shida. Mti wangu umechorwa, wanaukata. Wewe vyako vinanawiri, na tuko juani pamoja. Unatumia dawa gani? Nitajie tu, nitaitafuta mimi mwenyewe."

Nakivona alimtazama vizuri, aone kama anataniwa. Kisha akainama, akachota kutoka kwenye lundo lililokuwa nyuma yake, akaufungua mkono. Ilikuwa mboji nyeusi, yenye unyevu, nyungunyungu wawili wakijikunja ndani yake, na juu yake kipande cha jani la mkuyu kilichobakia mishipa tu.

"Dawa yangu ni zile taka zako, dada," alisema.

Bi Mwanahawa alikuwa bado amekodolea macho mkono ule aliposikia toroli linasukumwa. Mtu alitokea nyuma ya migomba michanga, akamwona, akasimama. Ndevu zilikuwa na mvi, kucha nyeusi kwa udongo. Alikuwa Mbaruku. Nakivona alikuwa amemkuta amelala ukutani pale, juu ya godoro lake, wiki ile ile aliyofukuzwa, akampa kazi ya kupindua lundo la majani, na tangu hapo kila dada yake alipopita alijificha nyuma ya migomba. Msidhani aliacha pombe. Jumamosi alikunywa, Jumapili alilala, Jumatatu alikuja. Lakini siku zake tano zilikuwa siku za mtu, na mikuyu ile midogo yote aliiotesha yeye.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba."

Mikono ya Bi Mwanahawa ilikosa pa kukaa. Ilikuwa imezoea ufagio. Alilitazama lundo, akalitazama toroli, akamtazama mdogo wake. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, hakufundishwa. Akamwambia alichoweza kusema.

"Nisaidie kubeba."

Kesho yake walioingia bustanini waliona kioja: majani yanarudi. Nakivona alikuwa ametoa nusu ya lundo lake, na Mbaruku aliingiza toroli baada ya toroli, na yule mwanamke aliyesifiwa kwa usafi jiji zima akayamwaga chini ya mkuyu kwa mikono yake, akayatandaza juu ya mizizi kama anayemfunika mgonjwa shuka. Watu walicheka. "Shangazi siku hizi anafagia kuingiza ndani," walisema. Bwana Lukindo alikuja akikimbia, akauliza kama amepata wazimu. Bi Mwanahawa alivua fulana yenye jina la bustani, akaikunja, akampa. Alisema ni yeye aliyeuua mti huu, kila asubuhi, miaka saba, huku wakimpongeza. Akaomba masika moja tu. Masika yakipita mti haujachipua, waukate, naye wamfukuze.

Bwana Lukindo alikuwa mtu wa haki. Alikumbuka kwamba kati ya waliompongeza, yeye alikuwa wa kwanza. Akaenda kuomba, akapewa masika moja.

Mvua zikaja. Safari hii maji hayakukimbia. Yaliingia kwenye majani, yakakaa, yakashuka polepole kama mtu anayejua anakokwenda. Mwezi wa pili wa mvua, upande wa mkuyu unaotazama mashariki ulichipua. Upande wa magharibi haukuchipua. Wakaja na misumeno, wakaukata ule mfu, wakauacha ulio hai, na mpango wa magari ukahamishiwa kwingine. Mpaka leo ukienda utakuta msalaba mwekundu umefifia juu ya gome, na upande wa magharibi pengo kubwa ambalo jua la alasiri linapita. Wageni wamerudi. Wanakaa mashariki. Chemchemi ina upana wa bakuli. Sinia haijafika bado.

Bi Mwanahawa anafagia njia tu, kama yule mzee aliyemwita mvivu, na anafagia akienda mbele, nyayo zake zinabaki. Godoro la Mbaruku limerudi nyumbani. Jumamosi bado anaanguka, pengine uwanjani, pengine mbele ya watu, na dada yake humfunika mpaka Jumatatu. Majirani wanasema nyumba ile siku hizi imechafuka.

Nawe, ndugu yangu uliyefunga mlango ukashika ufagio: uwanja wako unang'aa, naona, mti wako unakula nini?